Hamisha Laini, Usihamishe Jina: Somo la Swichi kwa Mafundi wa Arua na Koboko

Na Fundi Mwanachama, Arua



Mtu akihama Arua akaenda kuishi Koboko, jina lake halibadiliki. Huko Koboko ataitwa vile vile alivyoitwa na mama yake siku ya kuzaliwa. Kinachobadilika ni nyumba anamolala na sanduku la posta anapopokelea barua zake. Jambo hili ni la kawaida mno, hata hakuna mtu anayelifikiria. Lakini katika mitambo tunayoitunza sisi mafundi wa mawasiliano, jambo hili si la kawaida hata kidogo. Ofisi ikibadilisha laini, kila kompyuta iliyomo ndani hulazimika kupewa jina jipya, na kazi ya kubatiza upya hutuangukia sisi, mara nyingi usiku, wakati wenzetu wamelala.

Makala hii ina madhumuni mawili. Kwanza, kueleza kwa lugha tunayoelewa sote ufundi unaotenganisha jina na mahali katika swichi za mtandao. Pili, kueleza kwa nini ufundi huo ni jambo la chama, wala si jambo la mainjinia peke yao.

SIKU MBILI ZA KUKESHA KOBOKO

Nianze na kisa kilichotupata. Ofisi moja ya Koboko, ambayo makao yake makuu yako Arua, iliamua kuacha kampuni moja ya laini na kuhamia nyingine. Tulitumwa mafundi 3. Tuliondoka Arua Ijumaa jioni kwa pikapu, tukapita Maracha, tukaingia Koboko giza limeshatanda. Tuliambiwa kwamba kazi ni ndogo: kuchomoa waya mmoja na kuchomeka mwingine.

Ndani ya ofisi ile tulikuta mashine 61. Kulikuwa na kompyuta, printa, simu za mezani na kamera za mlangoni, na kila moja ilikuwa imeandikiwa anwani kwa mkono, kutoka katika fungu la namba la kampuni ya zamani. Laini mpya ilikuja na fungu lake jipya. Kwa hiyo ilitubidi kuketi mbele ya kila mashine, moja baada ya moja, kufuta namba ya zamani na kuandika mpya. Huko Arua nako, ukuta wa ulinzi wa mtandao ulikuwa na orodha ndefu ya namba za zamani zilizoruhusiwa kupita, na kila namba ilihitaji kubadilishwa.

Tulimaliza Jumapili alfajiri, macho mekundu. Jumatatu tukapigiwa simu. Kompyuta moja iliyokuwa imefungiwa katika chumba cha mhasibu haikuguswa, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikipeleka Arua orodha ya mishahara. Wafanyakazi wa ofisi ile walichelewa kulipwa. Aliyelaumiwa hakuwa aliyepanga kazi, bali fundi. Tena masaa yetu ya usiku yaliandikwa katika karatasi kuwa ni matengenezo ya kawaida, na malipo ya ziada hatukuyaona.

Tangu siku hiyo nimejiuliza swali moja: kwa nini kubadilisha laini kulazimishe kubadilisha jina?

CHANZO CHA TAABU

Jibu lake ni hili. Anwani ya intaneti hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Inasema wewe ni nani, na papo hapo inasema uko wapi. Ni kama mtu ambaye jina lake ni sanduku la posta. Akihama mji, sanduku halimfuati, na kwa kuwa sanduku ndilo jina lake, inakuwa kama amekufa akazaliwa mtu mwingine.

Wakubwa wa intaneti walianza zamani kuiona taabu hii, ingawa wao waliiona kwa upande mwingine. Mwezi Oktoba 2006 Bodi ya Usanifu wa Intaneti ilifanya mkutano mjini Amsterdam kuhusu njia na anwani. Hofu yao ilikuwa jedwali kubwa la njia, yaani daftari ambalo ruta kuu za dunia hulihifadhi ili zijue kila fungu la anwani liko upande gani. Kila ofisi inayotaka kubaki na anwani zake inapohama, au inayotaka laini mbili kwa usalama, huongeza mistari katika daftari hilo, na dunia nzima hubeba mzigo. Tarehe 12 Agosti 2014 daftari lilivuka mistari 512,000, na ruta nyingi za zamani zilizokuwa na nafasi ya kiasi hicho tu zilianza kuyumba. Leo mistari hiyo imezidi 900,000.

Kutokana na mkutano ule wa Amsterdam, wahandisi Dino Farinacci, Vince Fuller, Dave Meyer na Darrel Lewis walitunga utaratibu unaoitwa LISP. Maana yake ni utaratibu wa kutenganisha mahali na kitambulisho. Ulichapishwa kwa majaribio Januari 2013, katika waraka namba RFC 6830. Mwezi Oktoba 2022 ukaingizwa katika njia ya viwango rasmi vya intaneti, kwa nyaraka RFC 9300 na RFC 9301. Kwa hiyo ndugu zangu, hatuzungumzi habari ya mchezo wa maabara. Utaratibu huu umo tayari ndani ya swichi na ruta nyingi zinazouzwa leo, na siku yoyote mmoja wetu anaweza kufungua sanduku akaukuta.

MWENDESHA SIMU WA ZAMANI

Wenzetu wazee waliofanya kazi chini ya Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, lile lililovunjika pamoja na Jumuiya ya zamani mwaka 1977, watauelewa utaratibu huu upesi kuliko vijana. Wao wanaikumbuka mitambo ya mkono. Mtu aliinua simu akamwambia mwendesha simu, "Nipe daktari." Mwendesha simu alijua kwamba leo daktari yuko wodini, au nyumbani, au amekwenda Koboko. Alichukua waya akauchomeka panapostahili. Mpiga simu hakuhitaji kujua daktari yuko wapi. Alihitaji jina tu. Mahali palikuwa ndani ya kichwa cha mwendesha simu.

LISP inafanya hivyo hivyo. Kila kompyuta inabaki na anwani ya utambulisho, ambayo mafundi huiandika EID. Kila swichi ya mpakani, ile inayotazama laini ya nje, ina anwani ya mahali, ambayo huandikwa RLOC. Kisha pako mahali pamoja penye daftari linaloonyesha kitambulisho fulani kiko nyuma ya mahali gani. Mtambo unaoshika daftari hilo huitwa seva ya ramani. Huyo ndiye mwendesha simu wetu.

Tuchukue mfano. Kompyuta za Arua zina fungu la 10.20.1.0/24, na za Koboko zina 10.20.2.0/24. Hizi ni EID. Swichi ya Arua ina RLOC 192.0.2.1. Swichi ya Koboko ina RLOC 203.0.113.1. Kompyuta ya Arua inataka kupeleka barua kwa kompyuta ya Koboko. Pakiti inafika kwenye swichi ya Arua. Swichi inatazama katika kumbukumbu yake: je, najua 10.20.2.0 iko wapi? Kama haijui, inamwuliza mwendesha simu. Swali linapelekwa Koboko, na swichi ya Koboko inajibu, "Fungu hilo liko kwangu, nipate kwa 203.0.113.1." Swichi ya Arua inaliandika jibu katika kumbukumbu, kwa kawaida kwa muda wa saa 24. Kisha inaitia pakiti ndani ya bahasha ya pili, inaandika juu yake anwani ya mahali, na kuituma. Swichi ya Koboko inapasua bahasha na kuikabidhi barua ya ndani kwa mwenyewe. Mitambo iliyo katikati huisoma bahasha ya nje tu.

MEZANI KWETU ARUA

Mafundi 4 tulikusanya swichi 4 zilizotumika, tukaziweka juu ya meza moja. Moja tukaiita Arua, ya pili Koboko, ya tatu ikawa njia ya katikati, na ya nne ikawa mwendesha simu. Ifuatayo ndiyo kazi tuliyoifanya, kwa mpangilio, ili mwanachama mwingine apate kuirudia.

Hatua ya kwanza ni kuchunguza mitambo yenyewe. Si kila swichi inaweza kazi hii. Nyingine hazina chombo cha ndani cha kufunga na kufungua bahasha, nyingine zinacho lakini zinadai leseni ya daraja la juu. Soma kitabu cha mtambo kabla ya kuahidi kitu chochote kwa mteja.

Hatua ya pili ni barabara ya chini. RLOC zote lazima zifikiane kabla LISP haijaguswa. Tulipiga pingi kutoka 192.0.2.1 hadi 203.0.113.1 mpaka tukaridhika. Kama barabara hii ni mbovu, kila kitu kitakachojengwa juu yake kitakuwa kibovu.

Hatua ya tatu ni kipimo cha pakiti. Bahasha ya pili ina uzito wake. Katika anwani za IPv4 inaongeza baiti 36: 20 za kichwa cha nje, 8 za UDP na 8 za LISP yenyewe. Laini ya kawaida hupitisha baiti 1500, kwa hiyo zinabaki 1464 tu kwa barua ya ndani. Ama uongeze kipimo cha njia ya katikati, ama uzibane kompyuta zitume vipande vidogo. Fundi akisahau hapa atapata ugonjwa wa ajabu: pingi inapita vizuri, lakini faili kubwa linakwama. Zipo pia swichi za ofisi na vyuo zinazotumia LISP kwa daftari tu, na kwa bahasha hutumia VXLAN. Huko nyongeza ni baiti 50.

Hatua ya nne ni kumwandaa mwendesha simu. Katika swichi ya nne tuliandika vituo viwili, kila kimoja kwa jina lake, ufunguo wake wa siri, na fungu la EID ambalo kinaruhusiwa kulisajili. Arua iruhusiwe 10.20.1.0/24 tu, na Koboko 10.20.2.0/24 tu. Kisha tukawasha kazi mbili: ya kupokea usajili na ya kupokea maswali.

Hatua ya tano ni swichi za vituo. Katika swichi ya Koboko tuliandika mambo 4: fungu letu la EID linapatikana kwa RLOC gani, maswali yapelekwe kwa nani, usajili upelekwe kwa nani na kwa ufunguo upi, na mwisho tukawasha kazi ya kufunga bahasha na ya kuzifungua. Arua vile vile. Hayo maandishi hayazidi mistari kumi. Kama pana ukuta wa ulinzi njiani, uache wazi UDP poti 4341 kwa barua zenyewe na 4342 kwa maswali na usajili.

Hatua ya sita ni kukagua. Kwa mwendesha simu, tazama kama vituo vyote viwili vimesajiliwa. Kila kituo hujisajili upya kila dakika 1, na kikinyamaza dakika 3 hufutwa katika daftari. Kisha piga pingi kutoka kompyuta ya Arua hadi ya Koboko. Usishtuke pakiti ya kwanza ikipotea. Wakati ule swichi ilikuwa bado inauliza njia. Mwisho, hifadhi maandishi ya mtambo, kwa maana umeme ukizimika kabla hujahifadhi, kazi yote imekwenda na maji.

MAKOSA TULIYOYAFANYA

Sitaki mtu adhani kwamba tulifaulu kwa mara ya kwanza. Koboko ilikataa kusajiliwa kwa muda wa zaidi ya saa nzima. Tulibadilisha waya, tukazima na kuwasha. Mwishowe mwenzetu mdogo kuliko wote akagundua kwamba ufunguo wa siri ulikuwa umeandikwa na nafasi tupu mwishoni. Jicho halikuiona, lakini mtambo uliiona.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Usajili ulikubaliwa, lakini barua hazikufika. Tulikuwa tumeacha katika swichi ya Arua mstari wa zamani wa njia, uliosema kwamba 10.20.2.0/24 iko upande wa katikati. Swichi hizi hufunga bahasha pale tu ambapo jedwali la kawaida halina njia mahususi ya kwenda huko. Ule mstari wa zamani ulizinyang'anya barua, ukazipeleka katikati bila bahasha, na katikati hawakujua EID ni nini, wakazitupa. Tulipoufuta, mambo yalikaa sawa.

Baada ya hapo tukafanya lile tulilokusudia. Tulijifanya ofisi ya Koboko imehama kampuni ya laini. Tukachomoa laini ya kwanza, tukachomeka ya pili, na RLOC ikawa 198.51.100.9. Katika swichi ya Koboko tulibadilisha anwani ya nje na ule mstari mmoja unaotaja mahali. Swichi ikajisajili upya, kisha ikazipelekea swichi ilizokuwa ikizungumza nazo taarifa kwamba ziulize tena. Pingi ilipoteza pakiti kadhaa, ikaendelea. Kompyuta iliyo nyuma ya swichi haikuguswa. Nilizikumbuka zile mashine 61, nikacheka, kisha nikakasirika.

LAINI MBILI KWA NILE MAGHARIBI

Iko faida nyingine inayotuhusu sana sisi watu wa Nile Magharibi. Nchi yetu iko ng'ambo ya mto. Atokaye Kampala kwa barabara huja kwa daraja la Pakwach, au huzunguka Adjumani na kuvuka kwa kivuko cha Laropi. Kwa miaka mingi hata umeme wetu haukuunganishwa na gridi ya taifa. Tulitegemea jenereta za kampuni ya WENRECO, na tangu 2012 mtambo wa maji wa Nyagak wenye megawati 3.5. Mawasiliano nayo yalikuja kwa kuchelewa. Mwezi Februari 2017 kampuni za Facebook, Airtel na BCS zilitangaza mpango wa kulaza faiba ya kilomita 770 kaskazini magharibi mwa Uganda. Mkongo wa serikali, chini ya mamlaka ya NITA-U, nao uliletwa upande wetu kwa fedha za Benki ya Dunia, ukafika Arua na Koboko.

Maana yake ni kwamba leo inawezekana kwa ofisi moja kuwa na laini mbili kutoka wenyeji wawili. Faiba hukatwa. Hukatwa na mchimba mtaro, na mvua inayobomoa kingo za barabara, na mtu anayedhani ndani yake mna shaba. Katika LISP, kituo kinaweza kusajili RLOC mbili kwa fungu moja la EID, kila moja na namba ya kipaumbele. Namba ndogo ndiyo hutangulia. Ukiipa laini ya kwanza 1 na ya pili 2, ya pili itasubiri mpaka ya kwanza ikatike. Ukizipa zote 1, unaweza kuzigawia mzigo kwa uzito, kwa mfano 70 kwa 30.

Lakini mwendesha simu mwenyewe asiwe mmoja. Akiwa mmoja, na umeme ukazimika mahali alipo, vituo vitaendelea kwa muda kwa yale vinavyoyakumbuka, kisha vitaanza kupotezana. Wawekwe wawili, kwa mfano mmoja Arua na mwingine Kampala. Tena ieleweke kwamba ufunguo wa siri hulinda daftari tu. Hauzifichi barua. Anayetaka siri ya barua aongeze ulinzi mwingine juu yake.

JE, FUNDI WA KOBOKO ATAFUKUZWA?

Sasa nafika kwenye jambo la chama. Nilipomweleza msimamizi mmoja habari hizi, alifurahi, kisha akasema, "Basi kumbe kazi yote inaweza kufanywa na mtu mmoja aliyeketi Kampala." Hakusema zaidi, lakini nilisikia yaliyobaki.

Ndugu zangu, yule mwendesha simu niliyemtaja hayupo tena. Mitambo ya kujiendesha ilipokuja, daftari lilitolewa kichwani mwake likatiwa ndani ya mashine, na yeye akaambiwa kwaheri. Hakuna aliyemfundisha kuitunza ile mashine. Ujuzi ulichukuliwa kwake bila malipo, kisha ukatumika kumwondoa.

Sisi hatupingi mashine. Anayepinga mashine itakayomwondolea siku mbili za kukesha hajui anachokipinga. Tunachosema ni kwamba mstari mmoja ukiandikwa vizuri huokoa ofisi nzima, na ukiandikwa vibaya huizima ofisi nzima. Zamani kosa la fundi liliuma mashine moja. Sasa kosa moja katika daftari linaweza kuikata wilaya. Kazi imekuwa chache kwa wingi, lakini imekuwa nzito kwa dhamana. Na dhamana ikiongezeka, elimu na malipo viongezeke pamoja nayo. Tena mtu wa Kampala hawezi kuunga faiba iliyokatika kati ya Maracha na Koboko. Hawezi kusikia harufu ya mtambo unaoungua.

Liko na jambo la ufunguo. Nimeona mahali ambapo mkandarasi alikuja na mitambo, akaiandika, akaondoka na maneno ya siri yote. Mtambo ulipougua, mafundi wa mahali walisimama mbele yake kama wageni. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nami naongeza: daftari lenyewe likishikwa na mgeni, mali si yako.

TUNAYOYADAI

Kwa hiyo naliomba tawi letu lipeleke kwa waajiri mambo yafuatayo, kwa maandishi.

Kwanza, mafunzo yatangulie mitambo. Swichi zisifungwe katika kituo chochote kabla mafundi wa kituo hicho hawajafundishwa na kupewa cheti. Fundi wa Koboko afundishwe sawa na fundi wa Kampala.

Pili, funguo za siri na maandishi ya mitambo yahifadhiwe na watu wasiopungua wawili katika kila kituo, katika kitabu kinachotiwa sahihi. Kila badiliko liandikwe tarehe, saa na jina la aliyelifanya. Kitabu hicho kitamlinda mwajiri, na kitamlinda fundi siku ya lawama.

Tatu, kazi ya usiku ihesabiwe kuwa kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka masaa 48 kwa juma. Masaa ya ziada katika siku za kawaida hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya saa, na katika sikukuu zilizotangazwa, mara mbili. Hakuna kifungu kinachosema kwamba kukesha mbele ya swichi ni matengenezo ya kawaida.

Nne, asipunguzwe mfanyakazi kwa kisingizio cha mitambo mipya bila chama kuketi na mwajiri. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri anayetaka kuachisha watu 10 au zaidi ndani ya miezi 3 atoe taarifa kwa wawakilishi wa chama na kwa Kamishna wa Kazi. Nasi tusingoje mpaka wafike 10. Fundi mmoja wa Koboko akiachishwa, ni robo au nusu ya kituo kizima.

NENO LA MWISHO

Zile swichi 4 bado ziko juu ya meza hapa Arua. Yeyote kati ya wanachama anayetaka kujifunza, awe wa Nebbi, Yumbe, Adjumani au Koboko, na aje siku ya Jumamosi alasiri. Aje na daftari na kalamu. Tutamwachia avunje maandishi yetu na kuyajenga upya, kwa maana hiyo ndiyo njia ya kujua. Wazee waliowahi kuendesha simu za mkono nao wanakaribishwa, watueleze walivyokuwa wakifanya.

Ujuzi ukiwa kwa mtu mmoja, mwajiri atamnunua mtu huyo na kuwaacha wengine. Ukiwa kwetu sote, atalazimika kuzungumza nasi sote. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Umoja ni nguvu.